Picha za buluu zinajikunja zikikauka: nifanyeje?

Dada mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Natengeneza picha za buluu kwa jua, zile za sayanotaipi, kwenye karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, saizi ya A3. Napanga majani ya magugu maji na mimea mingine ya ziwani juu ya karatasi, natoa juani, kisha naosha. Majani yenyewe huwa nayakausha kwanza wiki nzima ndani ya magazeti chini ya godoro. Picha zinatoka nzuri, buluu imekolea, ila zikikauka zinajikunja: kingo zinainuka, katikati panabenuka. Nimezilaza chini ya vitabu siku saba, zikanyooka, nilipozitoa zikajikunja tena siku ya pili. Rafiki yangu ananishauri ninunue karatasi nene ya gramu 640, ambayo siimudu. Nifanyeje? Na hizi tisa nilizokwisha kutengeneza, ndiyo zimeharibika?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Nianze na swali la mwisho, maana naona ndilo linalokuumiza: picha zako tisa hazijaharibika hata moja. Buluu ile ikishaoshwa vizuri haiyeyuki tena majini. Kwa hiyo karatasi unaweza kuirudisha kwenye beseni, ikalowa upya, ukaikausha upya kwa njia inayofaa. Nitaeleza huko mbele. Na hela ya karatasi ya gramu 640 ibaki mfukoni kwanza.

Jibu lenyewe umeliandika ndani ya swali lako. Majani unayakausha wiki nzima ndani ya magazeti, chini ya godoro. Huyaaniki kwenye kamba, huyatupi juu ya bati. Unajua kabisa kwamba jani bichi likipigwa na jua linajikunja, lakini likibanwa lingali bichi, likawa linatoa maji yake polepole kwa pande zote mbili, linatoka bapa na linabaki bapa. Sasa picha inayotoka kwenye beseni nayo ni jani bichi. Wewe unaiacha ikauke inavyotaka yenyewe, halafu ndipo unaileta kwenye vitabu. Hapo unakuwa unabana jani kavu. Jani kavu lililokwisha kujikunja ukilibana hutapata bapa. Karatasi angalau haivunjiki, lakini haitasahau umbo lake.

Ngoja nieleze kwa nini, kwa sababu ukielewa hili hutahitaji kuniuliza tena kuhusu karatasi yoyote.

Karatasi nzuri ya rangi za maji ni pamba, zao ambalo sisi wa Usukuma tumelikuta kwa wazee wetu. Unyuzi wa pamba ukilowa unavimba, lakini hauvimbi sawasawa: unanenepa sana na kurefuka kidogo mno. Kiwandani, karatasi inapotoka kwenye mashine, nyuzi nyingi hulala kufuata upande ambao mashine inakwenda, kama majani yanavyolala kufuata mkondo wa mto. Kwa hiyo karatasi iliyolowa hupanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na ikikauka husinyaa vivyo hivyo. Karatasi za mkono nyuzi zake zimetawanyika kila upande, ndiyo maana zina utulivu zaidi, lakini nyingi tunazozipata madukani si za mkono.

Jaribu hivi leo jioni. Kata kipande cha mraba, sentimita tano kwa tano, kwenye karatasi ileile unayotumia, ukiwa umeweka alama ya penseli kuonyesha upande mrefu wa karatasi ulikuwa wapi. Lowesha uso mmoja tu kwa kidole, kisha kiweke kiganjani. Kipe dakika moja au mbili. Utakiona kinaanza kujiviringisha kama mkeka, uso mkavu ukiwa kwa ndani. Urefu wa ule mkeka unaojitengeneza ndio upande nyuzi zilikolala. Sasa kiweke mezani kikauke, usikiguse. Kitanyooka taratibu, utadhani kimepona, halafu mara nyingi kitapitiliza na kujipinda upande wa pili kabisa, kuelekea ule uso uliolowa. Nyuzi za upande ule zilivimba zikiwa zimezuiwa na mgongo mkavu, zikabanana. Zilipokauka zikasinyaa kupita zilivyokuwa mwanzo.

Kile kipande ndicho kisa kizima cha picha yako. Popote sehemu moja ya karatasi inapokauka kabla ya nyingine, ile iliyotangulia inasinyaa na kuivuta mwenzake. Uso ukitangulia mgongo, karatasi inajikunja. Kingo zikitangulia katikati, na kingo hutangulia siku zote kwa kuwa hewa inazifikia kwa urahisi zaidi, zinakuwa kama mkanda uliokazwa kuzunguka kitu kilichovimba. Katikati hapana pa kwenda isipokuwa juu. Ndio ubenuko unaouona. Na vitabu vyako vilifanya kazi viliyotumwa, kulibana umbo. Ila nyuzi zilikuwa zimeshashikana katika mkao wake. Ulipovitoa, usiku karatasi ikavuta unyevu wa ziwa, nyuzi zikalegea kidogo, zikarudi zilikozoea.

Kwa hiyo dawa ni mbili tu, na zote mbili hazina gharama kubwa: karatasi nzima ikauke kwa mwendo mmoja, na ibanwe ikiwa bado ina unyevu wa mwisho. Uzito wa vitabu bila unyevu ni kazi bure.

Hapa kwetu shida ni kwamba kila kitu kinaharakisha. Mwanza tuko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, digrii mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua letu ni kali, jambo zuri sana wakati wa kuchoma picha, yaani kuitoa juani ishike, na baya sana wakati wa kuikausha. Mchana nchi kavu ikishapata moto, upepo unaingia kutoka ziwani, na kule Nyegezi mnaupokea wa kwanza. Halafu kuna mawe. Jiwe letu la Mwanza likipigwa na jua tangu asubuhi, kufika saa nane mchana huwezi kulikalia.

Mimi hilo jiwe nimelijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilikuwa na picha kumi na nne za mitumbwi ya Kirumba, nimeziosha vizuri, nikazitandaza juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ili zikauke haraka, kwa sababu mwenye oda alikuwa anazisubiri jioni ileile. Nilisimama nikiziangalia. Dakika kumi hazikutimia, pembe zilianza kuinuka moja moja. Mgongo ulikuwa unakaushwa na joto la jiwe kutoka chini, uso unakaushwa na jua, kingo zinapigwa na upepo, na katikati bado pana maji. Nilipozikusanya zilikuwa kama mabati ya mgongo. Nikazitia kwenye fremu hivyohivyo. Pale mgongo wa wimbi ulipogusa kioo, unyevu wa masika ukajikusanya, na baada ya miezi michache pakawa na madoa. Zote kumi na nne nilizirudia kwa gharama yangu, na mteja yule sikumpata tena.

Nenda siku moja Kayenze au Igombe ukatazame dagaa wanavyoanikwa. Wale wa kwenye mchanga wanapata hewa upande mmoja tu, inabidi mtu apite akiwageuza, na bado wanakauka vibaya. Wale wa kwenye kichanja, juu ya wavu uliovutwa kwenye fito, wanapigwa na hewa juu na chini. Picha nayo inataka kichanja. Tofauti ni kwamba dagaa tunataka wakauke haraka, picha tunataka ikauke polepole. Kwa hiyo kichanja chako kitakaa ndani ya nyumba.

Tengeneza fremu ya mbao mbili kwa mbili, ukubwa uipite A3 kwa kiganja kila upande. Vuta juu yake wavu wa dirishani wa plastiki, ule wa mbu, na uupigilie misumari midogo au pini kuzunguka hadi ukaze. Usitumie wavu wa chuma, maana kutu ni doa lisilotoka. Fremu tatu au nne ukizipandanisha, ukaacha nafasi ya kiganja kati yake kwa vipande vya mbao, unazo sehemu za kutosha picha za siku nzima.

Sasa tuifuate picha moja tangu ikiwa majini.

Osha mpaka manjano yote yatoke, yaani mabaki ya ile dawa unayopaka ili karatasi igeuke buluu juani, hata kwenye pembe nyeupe. Kwa karatasi ya gramu 300 mimi sitoki chini ya dakika kumi, nikibadilisha maji mara kadhaa. Uoshaji unakusaidia pia kwenye ubapa: karatasi iliyolowa mpaka kiini, uso na mgongo sawa, inakuwa imesahau ule mvutano wote wa wakati wa kupakwa dawa. Ukiiosha juu juu, uso umelowa na kiini kikavu, umeanza na karatasi iliyopinda kabla hata ya kukausha.

Itoe kwa pembe mbili za upande mfupi, iinue taratibu, kisha iachie pembe moja ili maji yachuruzike kuelekea pembe ya chini. Subiri mpaka matone yawe yanahesabika. Karatasi ya A3 yenye maji ni nzito, ukiishika kwa pembe moja na kuitikisa inaweza kuvunjika mkunjo ambao hautaondoka maisha yake yote. Ilaze juu ya kioo au trei iliyogeuzwa, uso juu, weka shuka jeupe la pamba juu yake na upitishe kiganja kutoka katikati kwenda nje. Usisugue. Geuza, fanya mgongo hivyohivyo. Maji ya juujuu yakiondoka, tayari umepunguza nusu ya tatizo, kwa sababu madimbwi madogo ndiyo yanayofanya sehemu moja ichelewe.

Hilo shuka linahitaji neno lake. Adui mkubwa wa buluu hii ni magadi na jamaa zake wote. Sabuni za unga nyingi zina magadi, na shuka lisilosuuzwa vizuri likiguswa na picha mbichi linaacha madoa ya manjano ambayo utadhani ni ya dawa kutooshwa. Shuka la kazi lisuuze mara tatu, nne, kwa maji matupu, na lisitumike kwa kazi nyingine. Kwa sababu hiyohiyo usiegemeze picha mbichi kwenye ukuta uliopakwa chokaa, wala usiibane kati ya karatasi za kawaida za fotokopi. Hizo nazo nyingi zimetiwa chokaa kiwandani ili ziwe nyeupe.

Iweke kwenye kichanja, uso juu, ndani ya chumba kisichopigwa na jua. Funga dirisha la upande wa ziwa. Zima feni. Ikiwa ni kiangazi, Juni hadi Septemba, hewa ni kavu kiasi kwamba mimi hutandika shuka lenye unyevu kidogo juu ya fremu, lisiguse picha, ili kingo zisitangulie. Wakati wa masika sifanyi hivyo, unyevu upo wa kutosha.

Halafu kuna dakika moja unayopaswa kuikamata, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Picha ikitoka majini inang'aa. Baada ya muda ule mng'ao unazimika, rangi inatulia, karatasi inaanza kuonekana kama imekauka. Haijakauka. Igeuze na uguse mgongo wake kwa shavu, au kwa nyuma ya kiganja, kwa sababu vidole vyetu vimezoea kazi na havisikii vizuri. Ukisikia baridi, maji bado yapo ndani yanatoka. Ukiipinda kidogo ni laini, hailii. Karatasi kavu ukiipinda inatoa mlio, hii iko kimya. Hiyo ndiyo saa yake. Ikifika hapo huwa pembe zimeanza kutaka kuinuka kama milimita tatu au nne, nayo ni dalili njema, usiogope.

Kama hupendi kubahatisha, tumia mizani ya jikoni. A3 ya gramu 300 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 37 hivi ikiwa kavu. Pima ya kwako kabla ya kuipaka dawa na uandike kwa penseli mgongoni. Mimi ninapoiona imeshuka hadi gramu 45, naitoa kwenye kichanja. Baada ya picha ishirini, thelathini, shavu lako litakuwa limejifunza na mizani utairudisha jikoni.

Kibano chenyewe ni vipande viwili vya plaiwudi, mimi napenda ya milimita 18 kwa sababu haipindi, sentimita 40 kwa 50. Chini plaiwudi, juu yake shuka lililokunjwa mara nne, lililopigwa pasi, lisilo na mshono wala pindo mahali picha inapolala, maana mshono utajichora kwenye karatasi. Kisha picha. Kisha shuka la pili kama la kwanza. Kisha plaiwudi ya juu. Magazeti unaweza kuyaongeza nje ya mashuka yanyonye zaidi, lakini yasiguse picha, wino wake unahama.

Uzito: dumu la lita 20 lililojaa maji, katikati. Plaiwudi ya sentimita 40 kwa 50 ina sentimita za mraba 2,000, kwa hiyo kilo 20 zinashuka gramu 10 kwa kila sentimita ya mraba. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na inatosha, kwa sababu karatasi yenye unyevu haishindani nawe. Madumu mawili ubavu kwa ubavu ni bora zaidi kwa karatasi ya gramu 300. Zaidi ya hapo unaanza kuubana ule ukwaruzo mzuri wa karatasi ya rangi za maji, na picha inatoka kama kadi ya mwaliko. Mawe ya hapa nyumbani yanafaa pia, mradi plaiwudi iwe nene ya kusambaza uzito; jiwe lenye ncha juu ya ubao mwembamba linabana mahali pamoja.

Kinachofuata ndicho unachokijua wewe kuliko watu wengi: kubadilisha. Kama unavyobadilisha magazeti ya majani yako, badilisha mashuka. Baada ya nusu saa ya kwanza toa yale yenye unyevu, weka makavu. Baada ya saa mbili tena. Kabla ya kulala tena. Asubuhi badilisha, kisha iache siku mbili nyingine chini ya madumu, hata kama ukiigusa unaona imekauka. Mtu akibana mara moja na kuondoka, maji hayana pa kwenda. Wakati wa masika atakuta ukungu, na wakati wa kiangazi atakuta kingo zimekauka zenyewe ndani ya kibano na katikati bado. Usiitoe picha siku ya kwanza kwa hamu ya kuiona. Najua hamu hiyo ilivyo.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ubapa unaanza kabla ya maji. Unapopaka dawa kwa brashi uso mmoja, unafanya lile jaribio la kipande cha mraba kwa karatasi nzima. Ikikauka imepinda, na ukiitoa juani na jani juu yake, jani haligusi karatasi pembeni. Mwanga unapenya chini yake na ukingo wa jani unatoka na ukungu. Nadhani baadhi ya picha zako zina majani makali katikati na yenye ukungu pembeni. Suluhisho ni kupaka dawa kidogo, isimame pasipo dimbwi, kuiacha ikauke gizani ikiwa imelala bapa na si kuning'inia, na wakati wa kuchoma kuikandamiza kwa kioo kizito kilichobanwa na vibanio vikubwa kwenye ubao. Usilowanishe mgongo ukidhani unasawazisha. Dawa itapenya na kutoa madoa. Na ikiwa utapaka jelatini au wanga ili karatasi isinywe dawa sana, paka pande zote mbili au itumbukize yote, la sivyo upande uliopakwa utavuta mwingine siku zote.

Kwa karatasi nyembamba, chini ya gramu 200, kibano peke yake huwa hakitoshi. Hizo ninazivutia kwenye ubao kama ngozi ya ngoma. Picha ikitoka majini na kufutwa, nailaza kwenye plaiwudi safi na kuzungushia kingo vipande vya karatasi ya kaki vilivyopakwa uji mzito wa wanga wa muhogo, nusu ya kipande juu ya picha, nusu juu ya ubao. Karatasi inapokauka inataka kusinyaa, kingo zimeshikwa, inakaza na kulia ukiigonga kwa kidole. Siku ya pili nakata ndani ya ukanda kwa wembe na rula. Inahitaji uwe umeacha pembeni sentimita tatu zisizo na picha, na ikaushwe kivulini, kwa sababu ikikauka ghafla inaweza kupasuka. Tepu ya plastiki ya kufungia maboksi haishiki kwenye kitu kibichi, usihangaike nayo.

Pasi ninaitumia kwa shingo upande. Inafaa kwa picha moja iliyobaki na wimbi dogo: moto wa chini kabisa, bila mvuke, kwa mgongo tu, kitambaa cha pamba kati ya pasi na karatasi, na mara tu unapomaliza picha iende chini ya uzito mpaka ipoe kabisa. Ikipoa juu ya meza itajipinda mbele ya macho yako. Pasi ya mkaa iache, joto lake huwezi kuliamuru na jivu lenyewe ni jamaa ya magadi.

Na ukija kuhamia picha za kahawia za chumvi ya fedha, kumbuka zinapitia maji ya haipo, ile dawa ya kuikaza picha isiendelee kubadilika mwangani, na zinahitaji kuoshwa muda mrefu zaidi. Mashuka ya picha hizo yawe mbali na haya ya buluu, kabisa, kwa sababu haipo iliyobaki kwenye kitambaa inaendelea kuitafuna picha inayofuata.

Kuhusu gramu 640: rafiki yako hajakosea, karatasi hiyo ni ngumu na hujipinda kidogo sana. Lakini inakunywa maji mengi, inachukua muda mrefu kutoa dawa yote kiini chake, na ikiwahi kupinda, kuinyoosha ni kazi kweli. Anna Atkins, mama wa Kiingereza aliyeanza kutoa picha za buluu za mimea ya baharini mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya John Herschel kuigundua njia hii, alifanya kazi yote ile kwenye karatasi nyembamba kuliko yako. Mimea ya majini, kama wewe. Gramu 300 inakutosha.

Picha ikishakuwa bapa, usiigandishe yote kwenye ubao wa fremu. Karatasi hiyo itaendelea kupumua maisha yake yote, ikipanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukiigandisha kingo zote, katikati patabenuka tena. Ishike juu tu, mahali pawili, kwa vipande vidogo vya karatasi laini na gundi ya wanga, na uweke ukanda wa kadi kati yake na kioo ili visigusane. Ambazo hazijaingia kwenye fremu zilale bapa ndani ya boksi, juu ya kabati, si kwenye sakafu ya saruji.

Sasa zile tisa. Chagua moja usiyoipenda sana uanze nayo. Ilaze kwenye beseni la maji safi ya kawaida, uso juu, uizamishe kwa viganja mpaka ikae chini yenyewe, na uiache nusu saa. Utaona ule ubenuko unaondoka ndani ya maji, bila wewe kuugusa. Ukiona maji yanageuka manjano, maana yake hukuimaliza kuiosha mwanzo. Badilisha maji mpaka yatulie. Ukiona buluu kidogo inaelea, usishtuke, ni ile ya juu ambayo haikushika. Kisha itoe, ifute, iende kwenye kichanja, na umsubiri shavu akwambie. Ukimaliza hiyo ya kwanza na kuiacha siku nne mezani bila kitu juu yake, ikiwa bado bapa, zirudishe nane zilizobaki mbili mbili kwa siku, zisizidi, kwa sababu mashuka makavu ndiyo yatakayokuishia kwanza.